Angali ana bei

Zuhura alisema neno Jumapili na hadi leo Alhamisi, Novemba hii ya 2025, halijanitoka. Tulikuwa jikoni kwa Mama Zuhura, mahamri yameshaepuliwa, mimi namimina chai, yeye kainamia simu yake. Nikasema, kwa furaha tu, kwamba baridi hii Mariners, timu yetu ya besiboli hapa Seattle, wamkalishe kitako mrushaji wao Logan Gilbert wampe mkataba mrefu, wasije wakampoteza. Hakuinua hata uso.

"Ami, Gilbert ni wa kuuzwa sasa, angali ana bei."

"Auzwe? Gilbert huyu?"

"Wewe wamtaka kwa sababu wampenda. Hiyo si sababu."

Mama yake alimkemea asinijibu vile. Nikamwambia shemeji amwache, ni mazungumzo ya mpira. Lakini kutoka pale hadi nyumbani Tukwila nilikuwa namjibu kimoyomoyo, na kila jibu nililopata lilikuwa limechelewa.

Wiki imekuwa na mengi: serikali ya Marekani iliyokuwa imefungwa imefunguliwa, safari za ndege zilizopunguzwa zimerudi na sisi wa mizigo tumerudishiwa saa zetu, na binti wa Bi Salma kaolewa Portland. Yote yamepita. "Hiyo si sababu" imebaki.

Hesabu iko upande wake, najua. Hapa Marekani mrushaji anafungwa na timu yake mpaka atimize miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, kisha yuko huru kusaini popote. Gilbert alichaguliwa na Seattle 2018, akaanza kurusha ligi kuu Mei 2021. Msimu wa 2027 ukiisha ataondoka akitaka, naye atakuwa na miaka 30. Anayempa mrushaji wa umri huo miaka saba analipia mkono ambao kazi yake nzito imeshafanyika. Washington walimpa mrushaji wao Stephen Strasburg dola milioni 245 kwa miaka saba mwishoni mwa 2019, wiki chache baada ya kuchukua ubingwa. Baada ya karatasi ile alianza mechi nane tu, basi.

Na hapa kwetu kuna Félix Hernández, mrushaji wetu wa zamani. Mimi nilifika mji huu King Félix angali mfalme kweli. Tulikuwa tunakaa upande wake, sehemu nzima fulana za njano, kila mtu kadi ya K mkononi, alama ya mpigaji aliyetolewa kwa kukosa mara tatu, na mpigaji wa wageni akishakosa mara mbili hakuna anayebaki kwenye kiti. Agosti 15, 2012 aliwatoa wapigaji wa Tampa Bay wote 27 mfululizo, hakuna aliyekanyaga hata msingi wa kwanza. Februari iliyofuata akapewa dola milioni 175 kwa miaka saba. Mwaka 2014 alikuwa bado moto. Kisha kasi ikaanza kumtoka kidogo kidogo, na Septemba 26, 2019 alishuka uwanjani akilia, hajawahi kurusha hata mechi moja ya mtoano. Zuhura alikuwa mdogo mno kuyaona hayo. Ameyasoma kwenye majedwali, na majedwali yanasema mkataba ule ulikuwa hasara.

Mimi nasema hasara ilikuwa kumwacha peke yake. Timu isiyompa mrushaji wapigaji wa maana haina haki ya kuulaumu mkono wake.

Basi kazini, nikisubiri mkanda wa mizigo uanze kuzunguka, nimekuwa nikiwapanga warushaji wetu watano wanaoanza mechi, mmoja mmoja. Kipimo changu ni kimoja: kasi ikipungua, mtu huyu atabaki na nini? George Kirby atabaki na shabaha. Mwaka 2023 alirusha awamu 190 na ushei (mechi ya kawaida ni awamu tisa) akawapa wapigaji 19 tu msingi wa bure, mwaka mzima! Shabaha ya namna ile haiishi kwa umri kama kasi, kwa hiyo mkataba mrefu kuliko wote ningempa yeye. Bryan Woo mwaka huu alifika awamu ya sita katika kila moja ya mechi zake 25 za mwanzo, lakini anategemea sana mpira wa kasi, kiwiko chake kilishapasuliwa tangu chuoni, na Septemba kifua kikamkaza. Timu inaye mpaka 2029. Hakuna haraka. Bryce Miller apone kiwiko kwanza.

Gilbert ana mkono mrefu ajabu. Mpira unamtoka vidoleni akiwa ameshasogea mbele karibu futi nzima kuliko wengine, hivi kwamba mpigaji anakosa muda wa kuusoma, na urefu ule hauzeeki. Ana splita, mrusho unaozama kwenye magoti ya mpigaji. Mwaka 2024 hakuna mrushaji katika ligi kuu yote aliyerusha awamu nyingi kumshinda. Mwaka huu mkono ulimuuma, ndiyo. Basi asipewe saba zinazoanza akiwa na 30. Apewe nne zinazoanza sasa, angali na 28, alipwe vizuri kwa miaka ambayo tungemlipa kidogo, naye atupe miwili ambayo angekuwa huru. Hiyo ni sababu. Ningeitamka hivyo Jumapili, Zuhura angeinua uso.

Nilikuwa nimeshaiandika yote hiyo nimtumie, jana usiku, simu ikalia. Ni yeye.

"Ami, umelala? Castillo wasimuuze."

Luis Castillo, yule wa tano wao! Wa miaka 32, dola milioni 108 alizosaini 2022, mkataba unafika 2027. Kwa hesabu ya Zuhura mwenyewe huyo ndiye wa kwanza kutafutiwa mnunuzi. Nikamwandikia: "Sababu?"

Alikaa kidogo. Kisha ikaja: "Wote wanne waliumia mwaka huu. Yeye hakukosa zamu." Na chini yake: "Na ile mechi ya Detroit."

Nilicheka peke yangu gizani hadi machozi. Ile mechi ya mtoano ya Oktoba 10, awamu 15. Mimi nilikuwa zamu ya jioni, tumejazana mbele ya televisheni ya chumba cha mapumziko, mizigo ya watu inangoja. Kwanza akaingia Gilbert, ambaye kazi yake ni kuanza mechi, si kuokoa. Mwisho kabisa akaja Castillo, mkubwa wao, akawafungia mlango Detroit, na mpigaji wetu Polanco akamaliza. Zuhura alikuwa nyumbani kwao akinipigia mayowe kwenye simu. Siku kumi baadaye Toronto walitutoa 4–3 mechi ya saba, hatukuifika fainali ambayo mji huu haujaiona kamwe, naye hakusema neno siku mbili. Mtoto huyu anawapenda kuliko mimi.

Nimemwambia Jumapili aje na majedwali yake na mimi nije na yangu. Akajibu, "Sawa ami, lakini Gilbert bado."

Sasa niache mpira, kuna la ploti yetu ya Likoni. Mpimaji anakuja Jumatatu asubuhi, jirani ameshasogeza ua, na kaka hapokei simu tangu Jumanne. Hati iko kwake. Kama kuna mtu wa Mombasa anayesoma hapa na atamwona, amwambie anipigie, saa yoyote.