Gari lililotembea chini ya kitanda

Maboksi ya zawadi yalikuwa mawili, yanafanana kama wapwa zangu mapacha wenyewe, na niliyaingiza nyumbani kwa dada yangu ndani ya mfuko mweusi wa plastiki. Mfuko wa aina ile ng'ambo, Gisenyi ya Rwanda, wangeninyang'anya mpakani. Kwetu Goma, upande wa Kongo, hakuna aliyeuangalia mara mbili.

Ilikuwa mwisho wa Desemba 2012. Waasi wa M23 walikuwa wameingia mjini tarehe 20 Novemba na kutoka tarehe 1 Desemba, na sisi tuliobaki tulikuwa tunajifunza upya kulala. Kwenye avenyu ya dada yangu watu walikubaliana: ukisikia mwizi, usitoke peke yako, piga sufuria. Jirani akisikia sufuria, naye anapiga lake, na filimbi zinafuata, hadi avenyu nzima inalia. Nawaambia hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mapacha walikuwa na miaka saba, msichana na mvulana. Siku ile ya vita walishinda chini ya kitanda chao tangu asubuhi, mama yao akiwapelekea chai na viazi huko huko. Nikasema moyoni, Bonane, yaani Mwaka Mpya, safari hii siwaletei nguo. Nguo ni zawadi ya wazazi. Mjomba analeta kitu cha kuchezea.

Birere, kwenye maduka, nilikwenda mara mbili kabla ya kununua. Kwenye duka nililolichagua, mwenye duka alinitolea kwanza kifaru cha vita, rangi ya majani makavu, chenye mdomo unaozunguka. Akabonyeza: ta-ta-ta-ta-ta, na taa nyekundu ikawaka mbele.

"Papa, hii ndiyo watoto wanapenda," akaniambia. "Na ndiyo bei nafuu."

Nikamwambia akirudishe. Watoto wangu walikuwa wamekwisha kusikia ta-ta-ta ya kutosha, tena ya bure.

Nikachukua vijigari viwili vya jeep, kimoja chekundu, kingine cha buluu, magurudumu manene, taa mbili mbele. Nilitaka magurudumu manene kwa sababu ya ardhi yetu. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya zamani zaidi ndiyo tunayojengea kuta za parseli, yaani viwanja vyetu. Kigari cha michezo kilicholala chini kama kile cha mashindano kingemaliza safari yake kwenye jiwe la kwanza. Tulivutana bei hadi mwenye duka akaniita ndugu, ndipo nikajua nimelipa nyingi.

Mimi ni mtu wa kujaribu kitu kabla ya kukitoa. Niliwahi kumpa mtoto tochi ambayo haikuwaka, na nikaona uso wake ulivyojitahidi kunifurahia. Sitaki tena uso ule.

Lakini kujaribu kulihitaji umeme, na umeme siku zile ulikuja kama mgeni asiye na adabu: usiku wa manane, bila hodi, na kuondoka kabla hujamaliza kumshangaa. Nikazipeleka betri zote mbili kwenye kibanda cha kuchajia simu. Kila moja ilikuwa vibetri vinne vidogo vilivyofungwa pamoja ndani ya plastiki, na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Kijana wa kibanda akaigeuzageuza moja mkononi. "Hii ni simu ya namna gani?" Nikamwambia ni ya watoto. Karatasi ya ndani ya boksi ilisema saa nne za kuchaji. Dakika za kucheza hazikuandikwa, na baadaye nilielewa kwa nini: zilikuwa kama ishirini.

Usiku wa tarehe 30, mapacha wakiwa wamelala, nilitoa gari la buluu barazani, kwenye simenti. Nikawasha swichi iliyo tumboni, nikashika telekomande (rimoti, kama wanavyosema wenzetu), mbele, nyuma, kushoto, kulia. Zuri. Dada yangu akaniita nimsaidie kuteremsha pipa la maji kutoka jikoni, nami nikalirudisha gari kwenye boksi haraka na kulisukuma chini ya kitanda cha watoto, nyuma ya sanduku la nguo. Mahali pale nilipachagua kwa akili. Tangu Novemba hawakutaka hata kuchungulia huko.

Swichi sikuizima. Hilo nililijua baadaye kidogo, pamoja na majirani wote.

Kisha tukatoka uani na gari jekundu, mimi na shemeji. Shemeji ni dereva wa lori, njia yake ni Goma hadi Butembo. Lakini Rutshuru, iliyo kwenye njia hiyo, ilikuwa bado mikononi mwa M23, tajiri wake hakutaka kuhatarisha gari, na kwa wiki nyingi shemeji alikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Bawaba za mlango wa choo alizifungua na kuzifunga mara tatu wiki ile.

Nilimpa telekomande ajaribu dakika moja tu. Sikuipata tena.

Mwanzoni alilidharau. "Usukani wake hauna nusu," alisema, na ni kweli: vijigari vya bei ile ama vinakata kona yote ama vinakwenda moja kwa moja, katikati hakuna. Gari likapanda jiwe, likakwama tumbo, magurudumu yote manne yakizunguka hewani kama kobe aliyepinduliwa. Shemeji akapiga magoti. Akaliinua kwa vidole viwili, akaliwekea tochi chini, akachunguza tumbo lake kwa makini yale yale anayochunguzia lori baada ya kugonga shimo, kama mafuta yanavuja. Akapuliza vumbi. Akaliweka upande wa pili wa jiwe.

"Hapa unapita kushoto," akajiambia.

Sijui ni lini pipa la maji liligeuka kuwa Kibumba, kituo cha njia yake ya lori. Nilimsikia tu akitaja, kwa sauti ndogo, bila kucheka. Kibumba, akazunguka pipa. Rumangabo, kwenye ndoo iliyopasuka. Taa zile mbili ndogo zilitambaa juu ya mawe meusi, zikipotea na kutokea, na kweli, ukikunja macho kidogo, ungesema ni lori linashuka usiku mbali sana. Rutshuru ilikuwa kizingiti cha jiko. Pale alisimama, akarudi nyuma kidogo, akatafuta njia.

Ndipo kelele zikatoka chumbani.

Hazikuwa kelele za ndoto. Mapacha walitoka wote wawili kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja, wakagongana na mama yao, na msichana akasema kuna mtu chini ya kitanda, anakwaruza. Dada yangu hakuuliza. Alichukua sufuria.

Sijawahi kuona jambo likienda kasi vile. Sufuria la dada yangu, la jirani wa kulia, la jirani wa nyuma, filimbi, mbwa. Kwa muda wa kusema "subiri kwanza", ua ulikuwa na wanaume sita wenye tochi, mmoja ana panga, mwingine ameshika mchi wa kinu. Shemeji, kwa aibu, alificha telekomande nyuma ya mgongo. Na alivyoificha, kidole gumba chake kilibaki kimebonyeza.

Kwa hiyo gari jekundu likaanza kuzunguka miguuni mwa watu, na kutoka chumbani ukasikika ule mkwaruzo: krrr, krrr, krrr, magurudumu yanakwangua boksi. "Yuko ndani! Anachimba!" akapiga kelele mwenye panga. Wawili wakaelekea mlangoni. Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa nusu ya jambo lakini mdomo ulikataa kufunguka.

Aliyetuokoa ni mzee jirani, fundi wa redio, aliyekuja wa mwisho kwa sababu alitafuta kwanza miwani. Aliangalia gari linalozunguka. Akasikiliza chumba. Akamwangalia shemeji, mikono yake nyuma kama mwanafunzi.

"Baba," akamwambia, "achia kidole."

Gari likasimama. Mkwaruzo ukasimama.

"Bonyeza."

Krrr.

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilifika ziwani. Watu hawakuwa wamecheka hivyo tangu Oktoba. Mwenye panga alikaa chini kabisa. Dada yangu peke yake hakucheka. Alinipa sufuria nishike, akaenda kuwafunika watoto kitenge, na niliposogea kuomba msamaha, msichana aliniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Mjomba, sasa siku nyingine tutajificha wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaingia, nikalivuta boksi, nikalifungua mbele yao, nikamwekea gari la buluu mapajani, nikamwonyesha swichi. Akaizima mwenyewe. Akaiwasha, akaizima tena. Siri ya Bonane ilikwishia hapo.

Mzee fundi hakuondoka na wengine. Aliomba bisibisi, akafungua telekomande juu ya kifuniko cha pipa, akatuonyesha kidude kidogo cha bati kinachong'aa, kikubwa kama punje ya haragwe, kimechongwa namba: 27.145. Hiyo, alisema, ni megahezi, ndiyo stesheni ambayo telekomande inatangazia. Gari ni redio tu yenye magurudumu: linasikiliza stesheni yake, likisikia amri linatii, haliulizi nani ametoa. "Ukiwasha redio mbili kwenye stesheni moja, zinaimba wimbo mmoja. Sasa wewe ulitaka nini?" Nikamwuliza kama hawezi kubadilisha kile kidude kimoja tu. Akasema kubadilisha upande wa telekomande ni rahisi, lakini na sikio la gari lazima liguswe, na kwa fedha atakazoniomba ni afadhali nirudi dukani. Mtu mwaminifu. Siku hizi vijigari vingi vinatumia 2.4 GHz na kila telekomande inajuana na gari lake tu, hata ukiwasha kumi pamoja. Lakini vya Birere mwaka ule vilikuwa vya 27 au 40, na ubavuni mwa boksi, chini kabisa, palikuwa na viduara viwili vimeandikwa namba hizo. Kwenye maboksi yangu yote mawili alama ilikuwa kwenye 27. Nilikuwa nimekagua rangi, magurudumu, taa, mpaka harufu ya plastiki. Kiduara sikukiona.

Asubuhi ya tarehe 31 nilikuwa Birere kabla mwenye duka hajamaliza kufungua kufuli. Akasema boksi limefunguliwa, gari lina vumbi, tena tumbo limekwaruzwa. Nikamwambia lililokwaruzwa ni lile jingine, hili limekwaruza boksi tu. Tulibishana hadi wabadilishaji wa fedha waliokaa nje na mafungu yao ya franka wakageuza viti watazame. Mwishowe akapanda kwenye stuli na kuteremsha boksi lenye alama kwenye 40. Rangi ilikuwa ya njano, na kwa dola mbili zaidi. Nilikuwa nimekuja na lile jekundu mfukoni. Nikayaweka yote mawili chini, mbele ya duka, nikabonyeza moja: jekundu likaenda, njano likatulia. Nikabonyeza nyingine: njano likaenda. Mbadilishaji mmoja akapiga makofi. Mwingine akataka kujua bei.

Dada yangu aliyaweka yote juu ya kabati chumbani kwake, mahali panapofikiwa na mtu mzima tu. Betri nilizichaji upya, saa nne, na safari hii kijana wa kibanda hakuuliza kitu. Nilizifunga ndani ya magari mwenyewe, nikazima swichi zote mbili, nikazikagua mara ya pili kwa tochi. Saa sita usiku watu walisherehekea Bonane kwa sufuria zile zile, na kwa mara ya kwanza mwezi ule hakuna aliyekimbia.

Asubuhi tulitoka uani wote. Msichana alichagua njano, na gari liliruka kama mbuzi. Mvulana akabonyeza lake. Kimya. Akabonyeza tena, akaiminya telekomande kwa nguvu kana kwamba ni ya kukamua. Taa za gari jekundu ziliwaka kidogo, rangi ya chai hafifu, zikazimika.

Nikaligeuza. Kwenye magurudumu palikuwa na udongo mweusi mbichi, ule wa nyuma ya jiko, ambako hatukuwahi kufika usiku ule tulipokatizwa.

Dada yangu alimwangalia mume wake. Mume wake aliangalia mabati.

"Nilitaka tu kuona kama linafika Kanyabayonga," alisema. Kisha, alipoona hakuna anayemsaidia: "Na kucheki breki."

Gari lile halikuwa na breki.