Kumi na mbili kati ya thelathini na moja

Juzi nilishusha tranka kutoka juu ya kabati kutafuta cheti cha kuzaliwa. Sikukipata. Nilichopata ni daftari la hisabati ambalo wala si langu, ni la mwenzangu wa bweni aliyekuwa akilala kitanda cha juu yangu. Kurasa za mwanzo ni logarithimu tupu. Ukurasa wa mwisho kabisa kaandika: "Mpira wa mikono, nusu fainali, Juni 2008." Chini yake kuna vijistari vya kalamu ya bluu, vimefungwa tano tano kama mafungu ya mchicha. Kushoto, WAMEFUNGA. Kulia, KAPANGUA. Kushoto vipo 19. Kulia 12.

Siku ile alikuwa benchi, kifundo cha mguu kimevimba, hana la kufanya ila kuhesabu. Aliyekuwa golini ni mimi.

Uwanja ulikuwa wa vumbi, mistari imechorwa kwa majivu ya jikoni, na kufikia nusu ya pili mistari yenyewe ilishahamia kwenye soksi zetu. Goli halina nyavu, kwa hiyo kila tukifungwa naufuata mpira mpaka kwenye migomba. Mara kumi na tisa. Nadhani kilichoniua ni ile safari ya migombani kuliko mabao yenyewe, kwa sababu ukirudi na mpira mkononi kila mtu anakutazama. Tulifungwa 19 kwa 14. Mechi ilipokwisha, mwalimu aliyekuwa akitufundisha akasema mbele ya timu nzima, na ya wapinzani pia ikisikia, "Leo tumecheza bila kipa." Nilikuwa na miaka 17. Jezi niliirudisha jioni ileile, sijasimama golini tena. Mwalimu mwenyewe naamini alishasahau kabla chai haijapoa.

Basi miaka ikaenda. Agosti 2024 niko kazini mapokezi, televisheni ya ukutani inaonyesha Olimpiki ya Paris, mgonjwa mmoja anasisitiza tuweke mpira wa miguu. Nikamwambia rimoti imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa fainali ya wanawake ya mpira wa mikono, Norwe na Ufaransa, inachezwa Lille, na golini kwa Norwe kasimama mwanamke ambaye mtangazaji alisema ana miaka 44. Katrine Lunde. Foleni ilisimama kidogo siku hiyo, naomba radhi kwa waliohusika.

Norwe walishinda 29 kwa 21, wakati mechi yao ya kwanza kabisa ya mashindano yaleyale walifungwa na Sweden. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuatilia kwenye simu usiku, watoto wakilala. Kazaliwa 1980, anatoka Kristiansand, mji wa pwani kusini mwa Norwe, na ni pacha. Mwenzake, Kristine, hakuwa kipa, alicheza mbele uwanjani, na Beijing 2008 walivaa dhahabu wote wawili. Hiyo ni Agosti 2008, miezi miwili baada ya mimi kurudisha jezi. Kristine alistaafu zamani. Katrine akabaki: dhahabu tena London 2012, akajifungua mtoto 2015, mwaka uliofuata yuko Rio anachukua shaba, shaba nyingine Tokyo, halafu hiyo ya Paris. Ligi ya Mabingwa Ulaya kaichukua mara saba na klabu tatu tofauti, mbili na Viborg ya Denmark, mbili na Győr ya Hungaria, tatu mfululizo na Vipers ya nyumbani kwao.

Hiyo Vipers nayo ni habari yake. Mabingwa wa Ulaya 2021, 2022, 2023, halafu Januari 2025, katikati ya msimu, klabu ikafilisika. Sisi huku tunadhani ukishaitwa mchezaji wa kulipwa Ulaya umeshajenga. Kumbe unaweza kuwa na vikombe vitatu kabatini na bado ukaambiwa mshahara hakuna, tafuta pa kwenda. Akavuka kwenda Odense, Denmark, na miaka yake 44, akaendelea kudaka.

Lakini kilichonikaa kooni si medali. Ni namba ndogo pale chini ya skrini. Mechi ikiendelea huonyesha kipa kapangua mingapi kati ya mingapi, na asilimia. Mara ya kwanza niliona asilimia 35 nikajua wamekosea, kisha nikamsikia mtangazaji anamsifu. Nikadhani anamkejeli. Kumbe kwenye mchezo huu kipa anayezuia mpira mmoja katika kila mitatu anahesabiwa amefanya kazi nzuri, na akifika asilimia 40 ndiyo siku ya kubebwa mabegani. Mpira wa miguu wenye hesabu hiyo wangekufukuza uwanjani na mawe. Ukifikiria inaeleweka. Goli lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, mpigaji anarukia kutoka mstari wa mita 6, na mradi hajatua chini, mpira anaruhusiwa kuuachia akiwa hewani ndani ya eneo lako. Anakujia usoni. Wewe huna glavu, una viganja. Unafanya ile waliyotufundisha hata sisi wa uwanja wa majivu: unapiga hatua mbele, unainua mkono na mguu wa upande mmoja kwa pamoja, unajitanua kama ngozi ya mbuzi inayoanikwa, na unaomba. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia mpaka leo hakinyooki kwa sababu ya ombi mojawapo.

Hakuna aliyewahi kuniambia hesabu hiyo. Naamini hata mwalimu hakuijua. Kwake kipa aliyefungwa 19 ni kipa aliyefungwa 19.

Kwa hiyo juzi nimekaa sakafuni na daftari la watu, nikafungua kalkuleta ya simu. Kumi na mbili gawanya kwa thelathini na moja. Asilimia 38 na ushee. Nikafuta, nikapiga upya. Nikapiga na mara ya tatu, nikitazama mlango kama mwizi.

Najua, najua. Wasichana wa kidato cha nne wenye kandambili pembeni ya uwanja si Ligi ya Mabingwa, na wapigaji wenyewe nusu walikuwa wanafunga macho. Sisemi ningefika popote. Lunde ameaga timu ya taifa Desemba 2025 akiwa bingwa wa dunia, ana miaka 45, mechi zaidi ya 300 za Norwe. Mimi niliaga nikiwa na miaka 17, na hakuna aliyegundua nimeaga. Wiki iliyofuata walimweka golini msichana wa jikoni kwa sababu alikuwa mrefu.

Nikaupiga picha ule ukurasa nikamtumia mwenye daftari, siku hizi yuko Mwanza anauza vitenge. "Shoga, ona nilichofukua. Ulijua nilikuwa kipa hodari ukaninyamazia?"

Akanijibu kwa sauti, anacheka mpaka anakohoa. "We, kile kijistari cha mwisho upande wa kulia si chako. Ule uligonga mwamba. Nilikuona umeinama unafuta macho, nikakuongezea."

Haya. Uliogonga mwamba hauhesabiwi kabisa. Kumi na moja kwa thelathini.

Asilimia 36 na ushee. Nimepiga mara mbili.