Sajini alipokufa, Kashata aligoma kula

Ushauri niliopewa wiki aliyokufa paka wangu Sajini bado unanichoma. Mmoja aliniambia nimfunge kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, nimtupe jalalani. Mwingine akasema kumlilia paka ni kufuru. Wengi walisema, "Mama, paka wamejaa Jinja nzima, chukua mwingine."

Sajini hakuwa paka wa kubadilishwa na mwingine. Alikuwa na michirizi myeusi mabegani kama cheo cha askari, na jina hilo alipewa na marehemu baba yangu. Baba alipougua, Sajini ndiye aliyelala miguuni pake usiku kucha. Mwenzake, Kashata, alikuwa jike la rangi ya karanga zilizokaangwa, mwoga wa wageni, na kila kitu alikifanya nyuma ya Sajini. Tulikuwa Walukuba, mtaa wa Jinja hapa Uganda, karibu na Masese wanakoshusha samaki wa ziwani, kwa hiyo mukene, yaani dagaa, haikutuishia.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Sajini alikunywa maji kupita kawaida, akakojoa sana, akakonda huku anakula. Kila mtu alisema minyoo. Mtu mmoja akanishauri nimpe nusu ya panadol, na hilo nalisema kwa nguvu: panadol inaua paka. Mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo kama wetu, damu inashindwa kubeba hewa na ini linaharibika. Usimpe hata kipande.

Daktari wa mifugo wa kwetu anajua sana ng'ombe na kuku, na alikuwa mkweli, akaniambia niende Kampala. Nikamtia kwenye kikapu chenye kifuniko, tukavuka daraja jipya la Nile, tukapita Mabira, tukakwama kwenye foleni ya Mukono naye analia njia nzima. Kipimo cha damu kikaonyesha figo. Figo za paka huficha ugonjwa, na dalili zinapoonekana sehemu kubwa inakuwa imeshaharibika. Aliwekewa maji chini ya ngozi, nikafundishwa kuendelea nyumbani. Gharama, pamoja na nauli, ilifika karibu na ada ya muhula mmoja ya binti yangu. Tulipata miezi mizuri baada ya hapo, ya kuota jua mlangoni na kula samaki laini, na pesa ile sijaijutia.

Alikufa alfajiri. Kabla ya kumzika nilimweka sakafuni juu ya kanga na kumwacha Kashata amnuse, kwa sababu sikutaka amtafute bila kujua. Alimzunguka, akamlamba sikio, akaondoka. Jalalani sikumpeleka, nani asiyejua kazi ya kaloli, wale korongo wala mizoga, na mbwa pale? Mwenye nyumba aliniruhusu kuchimba nyuma ya jiko, mbali na kisima. Tulichimba hadi magotini, na kabla ya udongo wa mwisho tukapanga mawe mazito. Mbwa walikuja usiku ule, nikawasikia wakikwaruza, wakashindwa.

Hajati wa nyumba ya pili, aliyeniambia habari za kufuru, nilimjibu kwa adabu maana ni mkubwa wangu. Nilimkumbusha Mtume alivyotokwa na machozi kwa mwanawe Ibrahim. Nikamkumbusha Abu Qatada aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akasema Mtume amefundisha kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Na yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, hadithi yake tumeisikia sote madrasa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi pole, mwanangu." Ilinitosha.

Binti yangu nilimwambia neno lenyewe: amekufa. Watu walitaka nimwambie amesafiri. Mtoto akiambiwa hivyo atakaa mlangoni akisubiri, nami nitamwangalia kwa uso gani?

Kazi kubwa ilikuwa Kashata. Alizunguka vyumba akiita kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikwenda chini ya kitanda cha baba, akarudi. Chakula hakugusa. Mtu atasema ni huzuni, itapita. Lakini paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini humiminika kwenye ini likaziba, na hilo linaua. Jirani naye akaona dawa ni kuniletea kitoto cha paka kwenye boksi. Kashata alifoka, akapanda kwenye boriti, na siku ile hata maji hakunywa. Nikakirudisha kitoto jioni ileile.

Nilianza na mukene iliyotwangwa, nikaipasha moto ili inukie. Akageuza kichwa. Nikachemsha mgongo wazi, vile vifupa vya sangara vinavyouzwa baada ya minofu kutolewa, bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya paka. Nikampaka supu kwenye mguu wa mbele. Akalamba kwa sababu hapendi kuchafuka, akaishia hapo. Nilikaa nikamtazama, ndipo nikakumbuka jambo ambalo nimeliona maisha yake yote: Kashata hakuwahi kula kwanza. Alisubiri Sajini ashushe kichwa kwenye sahani, kisha naye akasogea. Alikuwa anasubiri wa kumtangulia.

Lile gunia alilolalia Sajini sikuwa nimelifua, bado lilikuwa na harufu yake. Nikalitandika jikoni, nikaweka sahani ya Kashata juu yake, nami nikakaa chini na sahani yangu ya posho, yaani ugali, na samaki, saa ileile waliyozoea. Nikainamisha kichwa, nikala kwa mkono, polepole, bila kumtazama. Akaja. Akanusa gunia muda mrefu, akalamba vidole vyangu, halafu akashusha kichwa kwenye sahani yake. Nilitokwa na machozi mdomo umejaa posho. Tulikula hivyo, mimi naye sakafuni, mpaka akazoea kuanza mwenyewe. Daktari wa Kampala nilipomweleza kwa simu alifurahi sana, na mimi najivunia jambo hilo kuliko mengi niliyofanya.

Kashata aliishi miaka mingine, akafa kwa uzee, akazikwa kando ya mwenzake. Kifo chake kilikuwa chepesi na nyumba ikawa nzito zaidi, maana hapakuwa tena na paka. Kilichonisaidia ni daftari ambalo binti yangu alianza baada ya Sajini: alivyoogopa mvua kwenye mabati, Sajini alivyoiba ini la sikukuu ya Idi, na Kashata aliyejificha kwenye sufuria. Tunaongeza bado. Simu yangu ina sauti ya Kashata akikoroma kwa raha. Irekodi ya paka wako leo, picha pekee hazitoshi.

Sasa nina mwingine, niliyemchukua tulipokuwa tayari, na amechanjwa kichaa cha mbwa, maana nacho kinampata paka. Maji yake nayapima kwa kikombe kila asubuhi na jioni naangalia yaliyobaki. Kama paka wako amepita miaka kumi, fanya hivyo, na ukiona kikombe kinaisha haraka kuliko zamani, omba kipimo cha figo kabla ya kununua dawa ya minyoo.