Lumbu wa Kigoma katika droo ya Kadutu

Mwaka wangu wa kwanza Bukavu, Kongo, nilikula sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, karibu kila juma bila kujua kwamba ninakula samaki wa kwetu. Aliyenitoa ujinga ni mzee jirani yangu hapa Kadutu, sehemu ya mji wa Bukavu, siku aliponikuta nikilalamika kwamba sijaona dagaa tangu nilipotoka Kigoma. “Uyu samaki ni mugeni kama weye,” aliniambia, kisha akanieleza kwamba Ziwa Kivu, lililo juu ya Tanganyika kwa takribani mita 700, halikuwa na samaki wa kuishi kwenye maji ya wazi, mbali na ufuko, kwa sababu maporomoko ya mto Ruzizi hayamruhusu samaki kupanda. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, vifaranga vilichukuliwa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Aliyestawi ni Limnothrissa miodon, ambaye sisi wa Kigoma tunamwita lumbu, na hapa anaitwa sambaza.

Mzee huyo alifanya kazi miaka mingi Lwiro, kwenye kituo cha utafiti wa sayansi asilia kilicho kaskazini ya mji, na mkewe alikuwa katika maktaba ya hukohuko. Walipostaafu walihamishia kazi zote mbili sebuleni kwao. Wageni humuuliza mzee habari za ngagi, yaani gorila, wa Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1970. Yeye huwajibu kwa adabu, kisha huwarudisha kwenye korongo lililo nyuma ya nyumba. Huko ndiko anakowapeleka watoto wa mtaa kila Jumamosi, akiwaonyesha jinsi mteremko uliokatwa miti na kujengwa nyumba bila mifereji unavyopasuka mvua inaponyesha, na ni mimea gani ya kienyeji ambayo mizizi yake bado inashikilia udongo. Mikaratusi haipendi, na akianza kuisema hamalizi.

Sifa humwendea mzee, lakini kwa maoni yangu kazi kubwa ni ya mama, mkewe. Kila jani linaloletwa huliandikia kadi: jina la Kimashi, lugha ya wenyeji wa hapa, jina la Kiswahili, jina la kisayansi iwapo mzee analijua, na mwisho jina la mtu aliyelitaja. Jani lisilo na msemaji haliingii katika droo. Watoto hulazimika kurudi nyumbani kuwauliza bibi zao, nao mabibi, ambao hapo awali hakuna aliyewauliza lolote, sasa huja wenyewe kuhakikisha kwamba wameandikwa sawasawa. Vitabu pia huazimwa kwa masharti: anayerudisha asimulie alichosoma, akiwa amesimama. Mimi mhasibu mzima nimewahi kusimamishwa mbele ya watoto wa darasa la nne, nikakwama sura ya pili, nikarudishiwa kitabu.

Nilipomtajia mama neno lumbu, alichukua kadi ya sambaza, akavaa miwani, akauliza, “Nani alikuambia?” Nilijibu kwamba Kigoma kila mtu anajua. Kalamu haikusogea. Ikabidi nimtaje bibi yangu, aliyeanika dagaa mchangani Kibirizi hadi uzee wake na ambaye hakuwahi kuvuka ziwa. Mama aliandika jina lake kwa wino wa buluu, akaniomba nilisome kwa sauti ili ahakikishe herufi, kisha akaifunga droo.