Pikapu Ndogo au Kubwa: Hesabu Yangu Hapa Lexington, Kentucky

Kila msimu wa nyasi unapokaribia, swali ni lile lile: nibaki na Tacoma yangu, pikapu ndogo ya Toyota, au niitoe ninunue F-150, ile kubwa ya Ford? Safari hii nimekaa chini nikapiga hesabu mpaka mwisho. Gari hili ndilo linalotulisha, na kuna watu wengi hapa wanaolitegemea bila hata kuwa na funguo zake.

Kazi yangu ni kukata nyasi. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Novemba navuta tela lenye mashine mbili, moja ya kukalia na moja ya kusukuma, nikizunguka majumba na ofisi ndogo ndogo upande wa kusini wa mji hadi Nicholasville. Vijana wawili hufuatana nami. Ikifika Jumamosi, hasa ya mwisho wa mwezi, pikapu inakuwa ya jamii nzima. Lexington ina Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na vijana wengi kati yao walikulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, Tanzania. Mimi ni mtoto wa Kasulu. Kwa hiyo familia mpya ikipata nyumba, au mtu akihamia mtaa wenye kodi nafuu, simu inaita: “Kaka, tuna kitanda na kabati tu, unaweza kutupitia?” Ukifika unakuta na friji, meza ya kulia, magodoro manne na baiskeli za watoto. Tunapakia. Mtu aliyeishi miaka yote chini ya turubai hawezi kuambiwa aache friji yake kwa sababu gari langu ni fupi.

Ndiyo maana shemeji yangu ananisukuma nichukue kubwa. Hoja yake ina uzito na sikuipuuza.

Lakini tuelewane kwanza kuhusu hiyo “ndogo”. Tacoma kama yangu, ya milango minne na bodi (sehemu ya nyuma ya mizigo) fupi, ina urefu wa mita 5.39, yaani inaipita kidogo Hilux mnayoijua nyumbani. F-150 ya milango minne, hata ukichukua bodi yake fupi kabisa, inakaribia mita 5.9, na upana wake unavuka mita mbili kabla hujafungua vioo vya pembeni. Kwenye maegesho ya apatimenti zetu, ambako magari yanabanana mpaka jioni huwezi kufungua mlango vizuri, hiyo nusu mita ina maana.

Ndugu wa nyumbani huniuliza mbona nisinunue Hilux tu nikamaliza ubishi. Hilux mpya haiuzwi Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ufaransa na Ujerumani Magharibi waliwekea ushuru mkubwa kuku wa Marekani, na Rais Lyndon Johnson akajibu kwa ushuru wa asilimia 25 ulioanza kutozwa mwaka 1964 kwa malori mepesi kutoka nje, pamoja na brandi na vitu vingine viwili. Vingine viliondolewa baadaye, malori yakabaki. Kwa hiyo ugomvi wa kuku wa kugandishwa ndio ulioipandishia bei pikapu nyepesi ya kutoka ng’ambo, na kampuni za hapa zikapata kinga kubwa kwenye soko la pikapu. Toyota iliachana na Hilux hapa mwaka 1995 ikaleta Tacoma, gari lililotengenezwa kwa ajili ya dereva wa Marekani. Hilux hujengwa ibebe karibu tani moja. Tacoma imelainishwa springi ili familia iende nayo kanisani na sokoni bila kurushwa, na uwezo wake wa kubeba ni karibu nusu ya huo.

Hapo ndipo penye kiini cha uamuzi, na naona wengi wanapapita mbio. Fungua mlango wa dereva wa pikapu yoyote ya hapa, utaona stika ya njano na nyeupe kwenye nguzo. Inasema uzito wa watu na mzigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Ya kwangu ni pauni 1,100 na kidogo, kama kilo 500. Watu wa yadi za magari hawakuonyeshi stika hiyo. Wanakutajia uwezo wa kuvuta, kwa sababu ndio wenye tarakimu kubwa: Tacoma yangu ya V6, yaani injini ya silinda sita, inaruhusiwa kuvuta pauni 6,400, karibu kilo 2,900. Ukisikia hivyo unaona tela langu, ambalo likiwa na mashine zote halifiki kilo 1,300, ni mchezo wa watoto.

Sasa tazama. Tela halikai nyuma ya gari tu, linaligandamiza pia. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake huegemea pale lilipofungwa, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa gari. Kwangu ni kama kilo 150. Sisi watu watatu ni kilo 245 hivi. Ongeza madumu ya petroli, mashine za kupeperusha majani, za kukatia kingo, sanduku la spana, maji ya kunywa ya siku ya Julai: kilo 110. Jumla ni kilo 505. Stika imekwisha, na bodi ukiitazama kwa macho inaonekana nusu tupu!

Najua jibu la nyumbani. Sote tumeona Hilux ikipanda kutoka sokoni na magunia mpaka juu ya kabini, na abiria wamekaa juu ya magunia. Nimepanda hizo gari mimi mwenyewe. Lakini zile springi si hizi, na barabara si hizi. Hapa barabara kuu ya I-75 inaruhusu maili 70 kwa saa, kilomita 113, na ukitoka Lexington kwenda kusini unateremka kuelekea daraja la Clays Ferry juu ya Mto Kentucky, malori ya matairi kumi na nane yakiwa mbele na nyuma yako. Pale breki zinasimamisha uzito wote uliopakia, uwe uliuhesabu au hukuuhesabu. Wale vijana wawili mama zao wananifahamu. Mmoja wa akina mama hao alinishika mkono akanikabidhi mwanawe kama anavyokabidhiwa mjomba, na sitambeba kwenye gari ambalo sina hakika nalo.

Kwa hiyo kwenye uzito, shemeji ameshinda. F-150 nyingi zinabeba pauni 1,500 hadi 2,000, na zikiagizwa mahususi zinazidi hapo. Kwenye upana vilevile ameshinda. Karatasi ya plaiwudi ni mita 1.22 kwa 2.44. Katikati ya madigadi mawili ndani ya bodi ya Tacoma yangu kuna mita 1.05 tu, kwa hiyo plaiwudi, jipsamu au godoro kubwa havilali chini, vinakaa juu ya madigadi na upepo unavitafuta. F-150 ina kama mita 1.28. Unalaza, unafunga, unaondoka.

Kwenye mafuta nilitarajia Tacoma impige mkubwa, na haikumpiga. Kwa vipimo vya serikali, Tacoma V6 ya magurudumu manne inakwenda wastani wa maili 20 kwa galoni, kama kilomita 8.5 kwa lita. F-150 yenye injini ndogo ya lita 2.7 ya turbo ni 21 au karibu na hapo. Ile ya V8 ya lita 5.0 iko kama 19. Anayekuambia ubaki na pikapu ndogo ili uokoe petroli hajaangalia namba, labda awe anazungumzia ile ndogo kabisa ya Ford, Maverick ya mseto wa petroli na umeme. Hiyo ni habari nyingine, maana uvutaji wake wa kawaida, bila vifaa vya ziada vya kuvutia, ni pauni 2,000 na tela langu lenye mzigo linapita hapo.

Basi imebaki pesa. Tacoma yangu imeshalipiwa yote, na sifa yake ya kushika bei inajulikana. Tuseme nikiitoa kama sehemu ya malipo ya F-150 iliyotumika nabaki kukopa dola 25,000. Kwa riba ya asilimia 8 na miezi 72, kila mwezi ni dola 438. Mwisho wa safari utakuwa umelipa 31,500 na ushei, na zaidi ya 6,500 kati ya hizo ni riba tupu. Kentucky inakata asilimia 6 siku ya kuhamisha gari kwa jina lako, na kila mwaka ukienda kwa karani wa kaunti kulipia usajili unalipa kodi ya mali kwa thamani ya gari. Gari la thamani kubwa, kodi kubwa. Mkopeshaji naye atadai bima kamili mpaka deni liishe.

Nyasi hapa zinalala Desemba. Deni halilali. Desemba hadi Machi peke yake ni zaidi ya dola 1,700 zitakazotoka wakati mashine zimefunikwa turubai.

Kuna hoja ya kodi ambayo wenye biashara ndogo tunaisikia kila vuli: nunua gari lenye uzito wa juu unaoruhusiwa zaidi ya pauni 6,000, na kifungu cha 179 cha sheria ya kodi kitakuruhusu kulikata kwenye mapato yako mwaka huo huo, mradi zaidi ya nusu ya matumizi yake ni ya biashara. F-150 inaingia humo, Tacoma ya V6 kama yangu haiingii. Ni kweli, na kwa mwenye faida kubwa ni msaada wa haki. Ila mtu asikudanganye kwamba serikali inakununulia gari. Inapunguza mapato yanayotozwa kodi tu. Ukiwa kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 12, dola elfu moja uliyotumia inakuondolea kodi ya mapato ya serikali kuu ya dola 120, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni zako. Kwa upande mwingine, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa mwaka 2025 ilikubali ukate kwenye mapato senti 70 kwa kila maili ya kazi, na kiwango hicho hakiangalii ukubwa wa gari. Kwa pikapu iliyokwisha kulipiwa, kiwango cha namna hiyo kinatosha vizuri.

Nilipofika hapa kwenye hesabu ndipo nilipoziona Jumamosi zangu. Dola 438 lazima zitoke mahali, na kwangu zingetoka kwa kuchukua wateja wa Jumamosi. Yaani ningekuwa na bodi pana inayoweza kubeba kabati, friji na magodoro yote kwa mara moja, na nisiwe na siku ya kuyabeba. Ile familia ingepiga simu na mimi niko Nicholasville nakata nyasi za kulipia gari la kuwahamishia. Nilimwonyesha shemeji karatasi. Alinyamaza, akaniuliza: “Sasa lile friji?”

Friji lina jibu. Lori dogo la kuhamia linakodishwa kuanzia kama dola 20 kwa siku, na juu yake kila maili unayoendesha. Watu wanne wakichanga, haifiki hata bei ya chakula cha jioni cha familia moja. Mvua ikinyesha mzigo uko ndani, na hakuna haja ya kurudi mara tatu. Nimeshalisema kanisani: nitaendesha mimi, bila malipo, na pikapu itakuja nyuma na vitu vidogo.

Kwa kazi za wiki, kijana mmoja ana gari lake dogo na amekubali kutufuata nalo, nami namlipia mafuta. Hiyo inashusha kilo 80 hivi kutoka kwenye stika. Madumu ya petroli nayahamishia kwenye tela, juu ya ekseli hasa, ili yasiongeze mgandamizo mbele. Tela lenyewe nalifungia breki za umeme kabla ya msimu, na kidhibiti chake kinakaa chini ya usukani.

Tacoma inabaki. Kinachoweza kunibadilisha ni kimoja: kuna majengo ya apatimenti kando ya New Circle Road ambayo meneja wake ameniomba bei ya mwaka mzima, na ndani yake kuna kazi ya kuondoa theluji majira ya baridi. Wakisaini, nitahitaji watu wanne garini na mashine ya pili ya kukalia, na kazi itakuwepo hata Januari kulipa deni la Januari. Hapo nitatafuta F-150 ya lita 2.7, kabini ya milango minne, stika isiyopungua pauni 1,700. Nitalala chini yake na tochi kukagua fremu kabla ya kuzungumza bei, maana chumvi wanayomwaga barabarani hapa wakati wa baridi hula chuma kutoka chini, na hiyo bodi ya aluminiamu wanayoisifia haiwezi kukuonyesha fremu iko katika hali gani. Meneja amesema atanijibu kabla ya tarehe 15 Machi.