Mbuzi wa harusi na babu mmoja

Sikukuu ya Jamhuri hapa Kenya imepita jana na hotuba zimesemwa. Shehe akaomba dua, padri akasali, wakapigwa picha wameshikana mikono, basi. Sina ugomvi na picha. Ila mimi uzalendo hunipanda kwingine, na wiki hii ulinipanda alfajiri, nyuma ya nyumba yetu hapa Malindi, kwenye harusi ya mdogo wangu.

Harusi ilikuwa ya kanisani. Sisi ni Wagiriama, na kama nyumba nyingi za huku tumechanganyika: mama ni wa Anglikana, baba mdogo alisilimu zamani, bibi alikufa na mila zake za kaya, ile misitu mitakatifu ya wazee wetu. Aliyeitwa kuchinja ni baba mdogo. Alikuja na kisu chake mwenyewe kimefungwa gazetini, akapandisha kanzu, akamlaza mbuzi kuelekea kibla, akasema Bismillahi Allahu Akbar, akapitisha kisu. Aliyeshika miguu ya nyuma ni mzee wa kanisa, tena akilalamika damu isimrukie suruali ya ibada. Nilipomuuliza mama kama kuna mtu aliyepinga, alinitazama kama nimechanganyikiwa. "Sasa baba yako mdogo tumpikie maharagwe?"

Hata wimbo wa taifa mahadhi yake ni ya majirani zetu. Ni wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, uliotiwa maneno mapya 1963. Na Wapokomo wenyewe, wa juu ya Mto Tana wengi ni Waislamu, wa chini kuelekea baharini wengi ni Wakristo. Sote tunasimama ukiimbwa.

Nakumbuka kelele za 2010. Makanisa mengi yalipinga Katiba mpya, mojawapo ya sababu ikiwa Mahakama ya Kadhi. Kwetu Pwani kadhi si mgeni: ukanda wa Sultani wa Zanzibar ulipoingia Kenya 1963, kubaki kwa makadhi kulikuwa sehemu ya makubaliano. Katiba ikapita, ibara ya 8 ikasema nchi haina dini rasmi, ya 170 ikampa kadhi ndoa, talaka na mirathi za Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Mama hajawahi kuburutwa kwa kadhi. Baba mdogo akienda, anakwenda kwa miguu yake.

Kinachonikera ni kingine. Mtoto wa baba mdogo aliomba kitambulisho msimu mmoja na mdogo wangu. Mdogo wangu, mwenye jina la ubatizo, alipata chake bila maswali. Yule mwenye jina la Kiislamu akaambiwa alete hati za babu, athibitishe kwamba ni Mkenya. Babu gani? Babu yao ni mmoja! Kazikwa shambani kwetu, hatua chache kutoka pale mbuzi alipochinjiwa. Kijana aliimba "Ee Mungu nguvu yetu" jana uwanjani kwa sauti kubwa kuliko wote, na hawezi hata kusajili laini ya simu.

Nilitaka kuandika barua kali. Mama akasema barua hazisomwi, twende watu. Kwa hiyo Jumatatu bwana harusi anaahirisha fungate yake asubuhi moja, anakwenda na binamu yake ofisini, kitambulisho mkononi, cheti cha kifo cha babu mfukoni. Baba mdogo ameomba twende naye mzee wa kanisa pia, maana ndiye anayejua kugombana na makarani.