Agiza kile ambacho fundi wako anaweza kukitengeneza

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mnamo Septemba 2025, ikiwa ni mara ya kwanza kuletwa katika bara la Afrika, vijana wengi hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, wamenijia wakitaka kujua jinsi ya kuagiza baiskeli ya mashindano kutoka nje. Mara nyingi huwa wamekwisha kuchagua. Hunionyesha kwenye simu fremu ya kaboni na giya zinazobadilishwa kwa umeme, na wanachotaka kwangu ni namba ya wakala wa kusafirisha mizigo tu. Mimi huwauliza kwanza: kitu hicho kikiharibika ukiwa Bukedea saa nane mchana, nani atakitengeneza? Asiyeweza kujibu hajamaliza kuchagua, hata kama fedha anazo mkononi.

Baiskeli nyingi za kisasa zimebuniwa kwa ajili ya mtu ambaye kipuri chake kinapatikana duka la jirani, au kinafika nyumbani baada ya siku mbili. Sisi kipuri hicho hicho tunakisubiri wiki kadhaa, kisha tunakilipia kodi. Kwa sababu hiyo, kwa mwendeshaji wa Uganda, vipimo vya kifaa vina uzito kuliko jina la kiwanda, na kuliko gramu zinazopunguzwa kwenye fremu.

Nianze na magurudumu, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Ile baiskeli nyeusi ya fremu nzito inayobeba matoke na mkaa hutumia tairi lililoandikwa 28 x 1½, ambalo kipenyo chake mahali linapokalia rimu ni milimita 635. Baiskeli ya mashindano hutumia tairi la 700C, lenye kipenyo cha milimita 622, na baadhi ya viwanda vya Ulaya nalo huliandika 28. Tofauti ya milimita 13 haionekani kwa macho dukani, lakini tairi la 622 halitapanda kamwe kwenye rimu ya 635, na la 635 likivishwa rimu ya 622 litachezacheza mpaka litoke. Mkanganyiko kama huo uko pia kwenye inchi 26: la baiskeli ya milimani ni 559, na lile la mtindo wa zamani lililoandikwa 26 x 1⅜ ni 590. Basi usinunue tairi kwa kutaja inchi. Soma ubavuni mwake tarakimu kama 32-622, ambazo ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo, uzilinganishe na zilizochapishwa kwenye tairi unalolivua. Ukichagua fremu, hakikisha ina nafasi ya tairi la upana wa milimita 32 au zaidi. Lami yetu imemeguka pembeni, na magari makubwa yatakusukuma kwenye murram upende usipende. Tairi la milimita 23 hapo ni kutafuta pancha.

Vali nazo zina mambo yake. Tyubu nyingi za mashindano zina vali nyembamba ya Presta, ilhali pampu za vituo vya mafuta na za gereji za bodaboda zinaingia kwenye Schrader, vali ile ile ya pikipiki na ya gari. Kipo kiunganishi cha shaba, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, ambacho unakifungia juu ya Presta ukaweza kujaza upepo popote penye bodaboda, yaani popote Uganda. Agiza vitatu au vinne kwa pamoja, kimoja kikae kwenye vali yenyewe muda wote. Rimu iliyotobolewa kwa ajili ya Schrader inaweza kupokea Presta kwa kuwekewa pete ndogo, lakini rimu ya Presta haipokei Schrader bila kupanuliwa tundu, na sipendekezi mtu aitoboe kwa drili rimu aliyoilipia ushuru.

Upande wa beringi kuna habari njema ambayo wengi hawaijui. Magurudumu mengi ya kisasa hutumia beringi zilizofungwa, na namba zake ni za viwanda vyote duniani, si za baiskeli peke yake. Ukiona 6902 imechapishwa kwenye kifuniko chake, ujue ni beringi ya milimita 15 ndani, 28 nje na 7 unene, na unaweza kuitafuta kwenye duka la vipuri vya pikipiki au vya mashine kabla ya kuandika barua Ulaya. Ekseli ya kati, ile inayobeba krenki (mikono ya pedeli), ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Chagua fremu yenye nyuzi za skrubu za kipimo cha Kiingereza, upana wa milimita 68, kwa kuwa hiyo hufunguliwa kwa kifaa kimoja cha bei nafuu na hurudi mahali pake bila ugomvi. Fremu ambazo beringi zake hupachikwa kwa kushindiliwa huanza kulia zikiingiwa na matope ya msimu wa mvua, na fundi asiye na kifaa chake atazing'oa kwa nyundo.

Kuhusu giya, hapa kifaa na mazoezi haviachani. Mbale tumebahatika: barabara ya Tirinyi inapita tambarare, katikati ya mashamba ya mpunga, na ile ya Kapchorwa inapita Sironko kisha inapanda hadi Sipi, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwenye mabega ya Mlima Elgon. Baiskeli za zamani za mashindano zinazoletwa na makontena ya mitumba mara nyingi zina meno 39 mbele na 25 nyuma. Kwenye mpando ambao mwendo wako ni kilomita 10 kwa saa, giya hiyo inakulazimisha uzungushe pedeli kama mara 51 kwa dakika, na kila mzunguko unalipwa na magoti. Meno 34 mbele na 34 nyuma, kwa mwendo ule ule, yanakupa karibu mizunguko 80. Nguvu inayotumika ni ile ile. Kinachobadilika ni mzigo wa kila mkanyago, na ndiyo sababu kijana mwenye giya nyepesi hufika Sipi akiwa bado anaweza kuongea. Kabla ya kuagiza sproketi kubwa, yaani yale magurudumu ya meno ya nyuma, soma kwanza uwezo wa kibadili giya cha nyuma, kwani kila kimoja kina idadi ya juu ya meno kinayoweza kuyapokea. Ningeshauri pia ubaki kwenye mfumo wa giya 8 au 9 kwa nyuma: mnyororo wake ni mnene kidogo, unadumu, na bei yake haiumizi.

Mazoezi yenyewe hayahitaji kipima nguvu cha mamia ya dola. Mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo unatosha, na hata huo si lazima kwa mwaka wa kwanza. Siku nyingi za wiki uendeshe kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Siku moja au mbili ndizo za kuumia, yaani za mazoezi makali. Kosa ninaloliona kwa vijana wetu ni kushindana kila wanapokutana barabarani, kila siku mwendo wa kati na kati, mgumu mno kwa kujenga pumzi na mwepesi mno kwa kujenga kasi. Siku ya kuumia ipeleke kwenye mpando: dakika 8 kwa nguvu, teremka au zungusha taratibu dakika 4, rudia mara nne. Mwenye kipima nguvu akitaka kujua kiwango chake, yaani nguvu anayoweza kuishikilia kwa takriban saa moja, aendeshe dakika 20 kwa uwezo wake wote, achukue wastani wa wati, azidishe kwa 0.95. Mpando mrefu unafaa kwa kipimo hicho kuliko barabara yoyote ya tambarare, kwa kuwa hakuna makutano wala mteremko wa kukupumzisha. Anza mapema. Jua letu huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, na kufikia saa nne asubuhi malori ya kwenda Soroti na joto vimekwisha kuamka.

Chakula cha njiani ndicho kitu cha mwisho ambacho ningekiagiza kutoka nje. Mwendeshaji anayekwenda zaidi ya saa mbili anahitaji takriban gramu 60 za wanga kwa saa. Bogoya mbili zilizoiva na chupa ya maji yenye sukari kidogo na chumvi ya kudokoa zinafikisha kiasi hicho kwa bei isiyofika robo ya ile ya pakiti za jeli za Ulaya, ambazo nyingi hutufikia zikiwa karibu kwisha muda wake.

Breki nitazisema kwa ufupi. Diski zinazovutwa kwa waya zinatufaa kuliko zinazosukumwa na mafuta. Ukiwa umeng'ang'ania za mafuta, jua ni mafuta gani: kampuni ya Shimano hutumia mafuta ya madini, ilhali breki nyingi za barabarani za kampuni ya SRAM hutumia mafuta ya DOT, yanayopatikana kwenye maduka ya vipuri vya magari. Usiyachanganye, maana mpira wa ndani utavimba na breki itakufa. Pedi za breki agiza jozi kadhaa tangu siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye fedha. Bei unayoiona kwenye tovuti si bei ya kitu kikiwa Mbale. Forodha hukokotoa ushuru juu ya jumla ya bei, bima na usafiri, si juu ya bei peke yake. Tuseme umenunua vipuri vya dola 200, usafiri na bima dola 50, na bidhaa imeangukia daraja la asilimia 10 katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: ushuru ni dola 25, kisha VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya dola 275, yaani dola 49.50. Umefika dola 324.50, na bado kodi ya zuio ya asilimia 6, tozo ya miundombinu na ada ya wakala. Kwa hiyo muulize wakala wa forodha bidhaa yako iko daraja gani kabla hujalipa, na muuzaji wa Ulaya muulize kama anaondoa VAT ya kwao kwa mzigo unaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Wengi huiondoa, na hapo unafidia sehemu ya yetu.

Usafiri wa ndege nao una hesabu yake. Makampuni huzidisha urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimita, hugawanya kwa 5,000, na kukutoza kwa uzito huo kama unazidi ule wa mizani. Sanduku la baiskeli la sentimita 135 kwa 75 kwa 20 linahesabiwa kilo 40.5, ingawa ndani kuna baiskeli ya kilo 10. Ndiyo maana ninawashauri watu wanunue fremu ya chuma iliyotumika hapa hapa, waikague vizuri kwenye maungio, kisha waagize vitu vidogo vyenye thamani: sproketi, minyororo, pedi, viunganishi, tairi mbili za kukunjwa. Vyote hivyo vinaingia kwenye kasha dogo. Wala usitegemee duka moja la ng'ambo: Wiggle na Chain Reaction Cycles za Uingereza, zilizozoeleka kwa waendeshaji wengi, ziliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwaka 2023, na wateja wao wakalazimika kutafuta pengine.

Kuhusu bidhaa bandia, msimamo wangu ni mkali kwa vitu vya aina mbili tu. Usukani na uma (ule unaoshika gurudumu la mbele) wa kaboni wenye jina kubwa kwa theluthi ya bei yake, achana nao, kwa kuwa kaboni mbovu hukatika ghafla bila kupinda kwanza. Kofia ngumu nayo iwe na alama ya usalama ya EN 1078 (ya Ulaya) au CPSC (ya Marekani) ndani yake, na iwe mpya.

Mzigo ukifika, ufungue mbele ya aliyeuleta, piga picha kila upande, linganisha tarakimu za tairi na za ekseli na ulizoagiza, kisha ndipo utie saini. Risiti ya kodi itunze pamoja na namba ya fremu, kwa sababu ukivuka Malaba kwenda kushindana Kenya, wakati wa kurudi afisa wa forodha anaweza kutaka kuona kwamba baiskeli hiyo mpya ilikwisha kulipiwa Uganda.